Upande Wenye Ufa

Mama mmoja wa Dodoma aliniuliza swali kwa simu, nami nikakaa siku mbili bila kumjibu. Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Mwalimu, huu ufa mliuona?" Kwa karibu miaka arobaini kazi yangu ilikuwa kuwauliza watoto maswali, na wengi niliwakaripia kwa kunyamaza ilhali jibu walikuwa nalo. Safari hii aliyenyamaza nilikuwa mimi. Naandika kurasa hizi kwa sababu swali lile bado linanifuata, na kwa sababu naamini halihusu bakuli moja la mti wa mwembe peke yake.

Hapana budi nianze na bakuli. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mkereza. Neno hili limeanza kusahaulika, ingawa ni la siku nyingi katika pwani yetu. Seremala wa kawaida huutuliza ubao akapitisha chombo juu yake. Mkereza hukituliza chombo, na mti ndio unaozunguka mbele ya makali. Mashine yenyewe huitwa kerezo. Mafundi wa zamani wa Lamu waliliendesha kwa kamba iliyovutwa huku na huku, wakakereza matendegu ya vitanda ambayo mpaka leo watu huyatazama kwa mshangao. Kerezo la mpwa wangu linaendeshwa kwa mota ya umeme, lakini sheria ni ile ile: kinachotoka hapo ni cha mviringo, na kitu cha mviringo hakina mbele wala nyuma. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana nitalirudia.

Yeye hukereza mabakuli, vyano vidogo na vikombe vya kuwekea kalamu. Hutumia mwembe ulioangushwa na upepo, mtiki wa mashamba ya Longuza, mninga anapoupata, na mara chache kipande cha mpingo. Hapa kwetu Muheza wanunuzi wa vitu kama hivyo ni wachache. Wateja wake wako Dar es Salaam, Arusha na Dodoma, nao hununua kwa kutazama picha katika simu. Jioni moja alinijia, akaniamkia, akakaa, akaniambia, "Mjomba, bakuli ni zuri. Picha ndiyo inayoniangusha."

Alinijia mimi kwa sababu anajua habari zangu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuwa na chama cha wapiga picha na chumba kidogo cha giza chenye taa nyekundu, na humo ndimo nilimojifunza kusafisha picha. Baadaye nilinunua kamera ya Zenit, nzito kama tofali, nikawapiga picha wanafunzi wa darasa la saba kila mwaka walipohitimu. Filamu ilikuwa ya picha 36 na ilikuwa ghali, kwa hiyo tulijifunza kutazama kwanza ndipo tubonyeze. Siku hizi simu hupiga picha mia bila gharama, na labda ndiyo sababu watu hawatazami.

Nilizitazama picha za mpwa wangu nikaona makosa ambayo yeyote mwenye kazi ya mikono anaweza kuyafanya. Nitayaeleza, kwa kuwa yanaweza kumfaa msomaji, na pia kwa kuwa ndiyo yaliyonipeleka kwenye swali la mama yule.

Kosa la kwanza lilikuwa mwanga. Alipiga picha ndani ya karakana, chini ya taa ya tyubu, na juu yake akawasha taa ya simu. Mwanga unaotoka usoni pa kamera hugonga mti uliong'arishwa kwa nta ukarudi kama doa jeupe, na wakati huo huo hufuta vivuli. Nasi hatuna njia ya kujua kwamba kitu ni cha mviringo isipokuwa kwa kivuli chake. Tulihamia kwenye dirisha lisilopigwa na jua, tukatundika shuka jeupe ili mwanga uingie kwa upole, tukaliweka bakuli upande wa dirisha na kipande cha kadibodi nyeupe upande wa pili ili kirudishe mwanga kidogo kivulini. Tumbo la bakuli likajitokeza. Tuliizima pia tyubu, kwa sababu mwanga wake ukichanganyika na ule wa mchana, wekundu wa mninga hugeuka rangi isiyokuwa na jina.

Kosa la pili lilikuwa kuiachia kamera hukumu. Kamera haijui inatazama nini. Imetengenezwa ikidhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikijumlishwa, kina weupe wa wastani. Ukiiwekea mpingo, itajitahidi kuupandisha weupe, nao mpingo utatoka wa rangi ya majivu. Ukiiwekea bakuli jeupe juu ya kitambaa cheupe, vyote viwili itavitia kiwi. Basi mtu hana budi kuisahihisha: katika simu, gusa bakuli kwenye kioo kisha teremsha alama ya mwanga mpaka mweusi awe mweusi.

Kosa la tatu lilikuwa ukaribu. Alikuwa akiisogeza simu mpaka karibu kugusa mdomo wa bakuli. Kilicho karibu mno na lenzi huonekana kikubwa kupita kiasi, na kilicho nyuma yake kidogo hunywea. Ndiyo maana mabakuli yake yalikuwa na mdomo mpana na kitako cha kuumwa, kama uyoga uliogeuzwa juu chini. Nilimwambia arudi nyuma hatua mbili au tatu kisha aivute picha kwa lenzi. Umbo la kweli la kitu cha kukereza huonekana kwa mbali kidogo. Simu tuliitegemeza juu ya stendi ya miguu mitatu, tukaitegea ijipige yenyewe baada ya sekunde chache, ili mkono usiitikise.

La nne litamchekesha msomaji. Alikuwa akitandika kanga ya mama yake nyuma ya bakuli, na wateja walisoma jina la kanga kabla ya kuliona bakuli. Mmoja aliulizia bei ya kanga. Tuliiondoa, tukaweka karatasi kubwa ya kijivu iliyopinda kutoka mezani kwenda ukutani, isiyo na mstari wala ua.

Picha zilizotoka hapo zilimfanya kijana anyamaze kwa muda. Nami nilifurahi, tena nilifurahi kwa haki. Maana kabla ya hapo picha zake zilikuwa zikimsingizia. Mpingo alioufanyia kazi wiki nzima ulionekana majivu. Mviringo alioupima kwa macho na vidole ulionekana umepinda. Tumezoea kudhani kwamba picha mbaya ni uzembe tu na picha ya kupendeza kupita kiasi ndiyo uongo. Mimi naona zote mbili ni ushahidi wa uongo. Ya kwanza humdhulumu fundi, ya pili humdhulumu mnunuzi. Kwa hiyo kujifunza kupiga picha vizuri si anasa, ni sehemu ya uadilifu. Shahidi asiyejua kusema humponza aliyemwita, hata kama ana moyo safi.

Mpaka hapo sikuwa na la kujutia. Lakini kutoka kuwa shahidi hadi kuwa wakili ni hatua moja, na mtu huipiga bila kusikia mguu wake ukinyanyuka.

Siku moja alileta bakuli la mwembe. Msomaji aliyezoea kuuona mwembe ukiwa kuni angeshangaa: lilikuwa na mistari ya kahawia na ya waridi, na katikati mkondo wa kijani iliyofifia, kama maji ya mto baada ya mvua. Lakini lilikuwa na ufa. Ulianzia mdomoni ukashuka kwa urefu wa kidole. Mti unapokauka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa kufuata duara za umri wake kuliko kuelekea katikati, karibu mara mbili. Kwa hiyo hujivuta wenyewe kwa wenyewe, na pale unaposhindwa hupasuka. Wakereza hupunguza hatari hii kwa kulichonga bakuli nusu nusu, wakaliacha miezi kadhaa likauke, ndipo walimalize. Mpwa wangu alikuwa na haja ya fedha, hakungoja. Ufa ulipotokea aliuziba kwa gundi na vumbi la mbao, akaupiga msasa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia la kufanya na ufa uliokwisha zibwa na bado unaonekana.

Nililiweka bakuli juu ya karatasi ya kijivu. Nilisema hapo mwanzo kwamba kitu cha mviringo hakina mbele wala nyuma. Kamera ndiyo inayokipa. Nililizungusha bakuli kidogo kidogo, mwanga ukicheza juu ya ile mistari, mpaka ufa ukawa nyuma. Sikusema neno. Mpwa wangu, aliyekuwa ameshika kadibodi, naye hakusema neno. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga. Bakuli liliuzwa kabla ya jua kutua, kwa shilingi 65,000, tukalifunga kwa magazeti na kulipeleka kwa basi Dodoma.

Wiki tatu baadaye mnunuzi alituma picha yake mwenyewe. Aliipiga uani, saa ya jua la utosi. Nusu ya bakuli ilikuwa nyeupe kwa mwanga na nusu nyeusi kwa kivuli, ndoo ya plastiki ilionekana nyuma, na kidole gumba chake kilikuwa kimeingia pembeni. Katikati kulikuwa na ufa. Mpwa wangu alimjibu upesi kwamba hewa ya Dodoma ni kavu, na mti uliotoka kwenye unyevu wa Tanga ukifika huko huweza kupasuka. Jambo la kutisha ni kwamba jibu hilo ni kweli kwa jumla. Mti hufanya hivyo hasa. Jibu lilikuwa la uongo kwa bakuli hili tu.

Mama yule hakubishana naye. Aliomba namba yangu. Kumbe wakati wa kuuza, mpwa wangu alimwambia asiwe na wasiwasi, picha zimepigwa na mjomba wake ambaye ni mwalimu mkuu mstaafu. Jina langu lilikuwa limeingia ndani ya bei bila mimi kujua, au tuseme ukweli, bila mimi kuuliza.

Katika zile siku mbili nilizonyamaza, mpwa wangu alinitetea na kujitetea, na hoja zake si za kupuuzwa. Alisema hatukutamka neno lolote la uongo. Mama hakuuliza kama kuna ufa, nasi hatukusema hakuna. Alisema wauza machungwa wote wa hapa stendi hupanga makubwa juu ya ndoo na madogo chini, na hakuna anayewaita waongo. Alisema pia, "Mjomba, nyinyi mlitufundisha kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Leo hata kizuri kisipojitembeza kwenye simu hakiuziki. Na kikijitembeza, lazima kivae."

Hoja ya kwanza ina umri mkubwa. Cicero wa Roma aliieleza katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo. Alitoa mfano wa mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kuwa mbao zake ni mbovu, kisha akawashindanisha wanafalsafa wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, aliona kunyamaza si kuficha, na muuzaji halazimiki kutangaza kila ajualo. Mwanafunzi, Antipater, aliona kumwacha mtu aanguke kwa kutojua ni sawa na kumwonyesha njia isiyo yake. Cicero aliungana na mwanafunzi: kunyamaza hugeuka kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo kulijua kungemfaa. Kwa kipimo hicho kesi yetu ilikuwa imekwisha, maana sikulizungusha lile bakuli kwa bahati mbaya.

Hoja ya machungwa ilinisumbua zaidi, kwa kuwa nina huruma nayo. Si kila kisicho kweli katika picha ni uongo. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka studio za mijini zilizokuwa na pazia lililochorwa ndege au bustani ya maua. Kijana aliyevaa suti ya kuazima alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapeleka picha kijijini, na hakuna bibi aliyedhani mjukuu wake amesafiri kwenda Ulaya. Wote waliijua kanuni ya mchezo. Panapokuwa na kanuni inayojulikana na pande zote mbili, pambo halimdanganyi mtu. Je, ndoo ya machungwa haina kanuni kama hiyo? Inayo. Anayenunua anajua kuna madogo chini, naye hufanya nini? Huingiza mkono. Huligeuza chungwa, hulibonyeza, hulinusa, ndipo hutoa fedha.

Hapo nilikumbuka kisa ambacho Waislamu hukisimulia juu ya Mtume Muhammad (S.A.W.), nacho nilikisikia mara nyingi Tanga. Alipita sokoni penye rundo la nafaka, akauingiza mkono wake ndani, na vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini basi asiiweke juu ile iliyolowa ili watu waione. Kisa hiki nilikuwa nikikifikiria kama habari ya mizani na biashara. Sasa nakiona kama habari ya jicho na mkono. Jicho liliridhika na rundo. Mkono ndio uliopata habari. Na tazama utetezi wa muuzaji: mvua ilinyesha kweli. Hewa ya Dodoma nayo ni kavu kweli. Mwanadamu akibanwa huyatupia maumbile kosa lake, na aghalabu maumbile huwa na hatia ya kutosha kuwafaa wote wawili.

Hili ndilo nililofikia. Anayenunua bakuli kwa picha amenyang'anywa mkono. Hawezi kuligeuza, hawezi kupitisha kidole kwenye mdomo wake, hawezi kulipima uzito, kuligonga alisikie, wala kutazama kitako chake. Anaona upande mmoja tu, nao ni ule niliomchagulia mimi. Basi ule mkono uliopotea haukupotea, umehamia kwangu. Mpiga picha amerithi wajibu wa mkono wa mnunuzi. Lazima ageuze pale ambapo mnunuzi angegeuza, na aguse pale ambapo mnunuzi angegusa. Picha bora ya kitu kilichotengenezwa kwa mikono ni ile ambayo siku kitu chenyewe kitakapofika, mkono hautakuwa na la kulikanushia jicho.

Ningependa kusema kwamba mawazo haya yalinijia kwa sababu ya vitabu. Sivyo. Yalinijia kwa sababu ya aibu ya zamani. Nilipokuwa mwalimu mkuu, wakaguzi walipotaarifu kuwa wanakuja, tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukahamishia stoo madawati yaliyovunjika, tukawaketisha mbele watoto wanaosoma vizuri. Tuliazima vitabu shule ya jirani, nayo ilipofika zamu yake tuliwaazima vyetu. Mkaguzi aliandika kwamba shule ina samani na vitabu vya kutosha. Kwa ripoti ile, mwaka uliofuata hatukuletewa dawati hata moja, na watoto walioketi sakafuni waliendelea kuketi sakafuni. Nililizungusha bakuli kabla sijawahi kulishika. Upande wenye ufa ulikuwa na watoto.

Siku ya tatu nilimpigia simu mama wa Dodoma. Nilimwambia tuliuona, kwamba ufa ulikuwepo tangu Muheza, kwamba mpwa wangu aliuziba na mimi nikaugeuzia ukutani. Nilimwomba radhi. Nilimwambia alirudishe bakuli kwa gharama yetu, naye atapata fedha zake zote.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Bakuli hakulinunua kwa ajili yake; alimpa binti yake siku ya harusi, mbele ya wakwe. Binti ndiye aliyeuona ufa alipokuwa akiliosha. "Mwalimu," alisema, "kama ningelijua ningempa vile vile, maana ni zuri. Ningemwambia, mwanangu, lina ufa hapa, litunze. Sasa nimempa kama kitu kizima. Ninyi mlinificha mimi, na mimi nikamficha mwanangu bila kujua." Alikataa kulirudisha, kwa kuwa zawadi ya harusi hairudishwi. Alikubali nusu ya fedha, akanishukuru kwa kumjibu. Shukrani ile ilinichoma kuliko ambavyo lawama ingenichoma.

Kuanzia hapo nimeelewa kwamba uongo wa aina hii haukai mahali ulipotiwa. Bakuli hutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kila anayelitoa husema kwa kinywa chake kile kilichonyamaziwa na wa kwanza. Tulimfanya mama mwaminifu kuwa mwongo katika harusi ya bintiye. Hilo halina nusu bei.

Mpwa wangu alikasirika. Fedha zile alikuwa amekwisha kuzitolea ada ya mtoto, ikabidi akope. Hakuja kwangu mwezi mzima, na dada yangu alinijulisha kwamba nimeupendelea moyo wangu kuliko tumbo la mpwa wangu. Sikuwa na jibu jepesi kwa dada yangu, na sina mpaka leo. Ni rahisi kwa mtu mwenye pensheni, hata iwe ndogo, kumhubiria ukweli mtu anayeishi kwa kuuza mabakuli. Nilimlipia deni lake, na nadhani ilikuwa haki yangu kulilipa, kwa kuwa aliyelizungusha bakuli nilikuwa mimi.

Aliporudi tulikubaliana utaratibu, nao tunaufuata hadi sasa. Kila kitu hupigwa picha tano: ubavuni, ili umbo lionekane, kutoka juu kwa mshazari, ndani, kitakoni, ambako fundi wengi huficha uvivu wao, na ya tano ni ya kasoro, iwe ufa, jicho la mti au alama ya patasi, pamoja na ncha ya kidole kando yake ili ukubwa ujulikane. Kasoro nayo tunaipiga kwa mwanga mzuri. Sioni sababu ya kuisema kweli kwa uchafu. Na mahali pa kuonyesha ufa, mwanga wa ubavuni ndio ufaao, kwa sababu ufa hutiwa kivuli ukaonekana jinsi ulivyo, si zaidi wala pungufu.

Sitamdanganya msomaji kwamba uaminifu umetuletea wateja wengi. Wapo waliopenda, wapo waliotazama picha ya tano wakaaga. Bakuli moja la mninga lenye jicho lilikaa rafuni miezi saba. Wenye kufundisha kwamba ukweli hulipa wangesema ukweli zaidi kama wangeongeza kwamba mara nyingine hulipa kwa kuchelewa, na mara nyingine haulipi kabisa. Hausemwi kwa ajili ya malipo.

Wala hatukubaliani kwa kila jambo. Yeye hulipaka bakuli mafuta muda mfupi kabla ya picha, na mistari ya mti huamka kama ardhi iliyonyeshewa. Nilimwuliza kama huo si udanganyifu mwingine, maana mafuta hufifia. Akanijibu kwamba bakuli halipakwi mafuta kwa ajili ya picha tu. Mnunuzi naye ataelezwa alipake kila baada ya muda, na akifanya hivyo litakuwa hivyo hivyo. Nilikubali. Lakini alipotaka kutumia programu ya simu kuukoleza wekundu wa mninga, nilikataa, naye akaniuliza tofauti iko wapi. Kipimo nilichompa ni hiki: kama mnunuzi angekuwa amesimama nyuma yetu akitazama kila tunalofanya, je, tungeendelea bila kuona haya? Shuka dirishani tungelitundika mbele yake. Mafuta tungeyapaka mbele yake, tena tungemfundisha. Wekundu tusingeuongeza akiwa anatazama, na bakuli tusingeligeuza. Mpwa wangu anasema kipimo hicho ni cha mwalimu, aliyezoea kuwa na mkaguzi nyuma yake. Yamkini ni kweli.

Picha ya mama wa Dodoma ninayo bado katika simu yangu. Kwa kila nililomfundisha mpwa wangu ni picha mbaya: mwanga wa utosi, ndoo nyuma, kidole gumba pembeni. Lakini ilionyesha kile ambacho mwenye kulishika bakuli angekikuta, na yangu haikuonyesha.

Siku hizi mpwa wangu anaponiletea kazi mpya, sianzi na kamera. Namwomba bakuli, nafumba macho, nalizungusha taratibu mikononi kama ambavyo mnunuzi angelizungusha, mdomo, tumbo, kitako. Pale vidole vyangu vinapokwama nafumbua macho, na picha ya kwanza tunaipiga hapo.